Jinsi ya kuendesha jioni ya kuwaombea Wakristo wanaoteswa, pale pale katika ushirika wenu wa nyumbani

Kila Novemba ikikaribia, maswali huwa yale yale. Kiongozi wa ushirika kule Nyalenda, mama wa Umoja wa Akina Mama, kijana wa Kakamega aliyepewa dakika kumi baada ya ibada: tuanzie wapi? Tuombe nini zaidi ya "Bwana, wasaidie"? Majina tunayatoa wapi, na tutajuaje kama ni ya kweli? Badala ya kumjibu kila mmoja kwa simu, nimeyaweka yote hapa.

Mwongozo huu ni wa kikundi kidogo, watu wanane hadi ishirini, mnaokutana sebuleni kwa mtu. Kwenu mnaweza kukiita ushirika, jumuiya au selo; kazi ni moja. Na niseme mapema kwamba kwa jambo hili mimi si mtu wa kesha. Kesha moja kwa mwaka hukausha watu sauti, na Jumatatu hakuna anayekumbuka jina hata moja. Saa moja kila mwezi, mwaka mzima, hufanya kazi ambayo kesha haiwezi.

Kabla hujaanza, uwe na hivi

- Mwenyeji aliyekubali mapema. Usimvamie mtu na wageni kumi na tano siku ya mwisho wa mwezi.
- Biblia, na alama kwenye Matendo 12, 2 Timotheo 4 na Waebrania 13:3.
- Karatasi ya manila iliyokatwa kadi za ukubwa wa kiganja, na kalamu inayoandika vizuri.
- Daftari moja la jalada gumu. Litakuwa la kikundi, si la kiongozi.
- Ramani ya Afrika na ya dunia. Ile ya ukutani ya watoto wa shule inatosha kabisa.
- Taa ya sola, kwa sababu stima ina mambo yake.
- Chai, na kitu cha kutafuna. Usiuondoe mstari huu. Sababu iko hatua ya saba.

Vipaza sauti, projekta na fulana zilizochapishwa mtaviacha kanisani.

Hatua ya 1: Mwambie mchungaji, kisha chagua siku ambayo tayari ipo

Usianzishe mkutano mpya. Watu wana vikao vya chama, kwaya, mazishi, na bado shamba linawangoja. Chukua siku moja ya ushirika wa kawaida katika kila mwezi, kwa mfano Alhamisi ya kwanza, uitenge kwa kazi hii. Mchungaji, padri au katekista ajue, ili asije akasikia njiani kwamba kuna "kikundi cha maombi" kinachokutana gizani.

Kwa kanisa zima, makanisa mengi duniani hushika siku ya maombi haya Jumapili moja mwanzoni mwa Novemba. Kwa watu wa magharibi ya Kenya siku hizo zina historia yake: Askofu James Hannington alipitia Mumias akielekea Buganda, akauawa Busoga tarehe 29 Oktoba 1885. Na Juni 3 mnawajua wenyewe mahujaji wanaovuka Busia na Malaba kwenda Namugongo, walikouawa Mashahidi wa Uganda. Kwa hiyo mtu akikwambia habari za kuteswa kwa ajili ya imani ni za mbali, mwonyeshe barabara.

Hatua ya 2: Chagua sehemu moja, au mbili tu

Hapa ndipo wengi huharibu. Wanataka kuombea Nigeria, China, India, Sudan na Korea Kaskazini kwa jioni moja, na mwisho wake wameombea majina ya nchi, watu hawamo. Chukua nchi moja na, ikiwezekana, mtu mmoja.

Pa kuanzia: shirika la Open Doors hutoa kila Januari orodha ya nchi 50 ambako ni vigumu zaidi kuwa Mkristo. Korea Kaskazini imeongoza karibu kila mwaka tangu 2002. Mwaka 2022 Afghanistan iliipita. Lakini usikimbilie huko. Katika orodha ya 2025 nchi ya pili ilikuwa Somalia, jirani yetu wa mpaka, na Sudan, Eritrea na Nigeria zote zilikuwa katika kumi za kwanza. Anza na majirani.

Mifano mitatu ya kutosha miezi mitatu:

Eritrea. Mei 2002 serikali ilifunga makanisa yote isipokuwa Waorthodoksi, Wakatoliki na Walutheri; upande wa Uislamu ikaruhusu Wasuni. Mpentekoste wa Vihiga akae na jambo hilo kidogo: kanisa lake zima lingekuwa kosa. Waumini wamefungwa hata ndani ya makontena ya chuma, yale yale tunayoyaona yakipita kwenye malori, mchana yanawaka, usiku yanaganda. Na walioruhusiwa nao hawakupona: Patriaki Antonios wa Kanisa la Orthodoksi aliondolewa madarakani baada ya kupinga serikali kuingilia kanisa, akawekwa kizuizini nyumbani hadi alipofariki Februari 2022.

Nigeria. Februari 19, 2018 wasichana 110 walitekwa katika shule ya Dapchi, jimbo la Yobe. Karibu wote walirudishwa mwezi uliofuata. Leah Sharibu, aliyekuwa na miaka 14, alibakizwa kwa sababu alikataa kuikana imani yake.

Kenya. Garissa, Aprili 2, 2015, Alhamisi ya kabla ya Pasaka. Watu 148 waliuawa chuo kikuu, wengi wao wanafunzi, na waliokuwa kwenye maombi ya alfajiri walikuwa miongoni mwa wa kwanza. Waliouawa hawahitaji tena maombi yenu ya ulinzi. Walionusurika na wazazi wanayahitaji. Huyu si "mtu wa mbali". Huenda amekaa benchi la nyuma yako.

Hatua ya 3: Hakikisha habari kabla ya kuisoma mbele ya watu

Ujumbe huu umewahi kukufikia: wamishonari 22 wamehukumiwa kifo Afghanistan, watauawa kesho alasiri, tuma kwa watu kumi. Umekuwa ukizunguka kwa miaka mingi, na kila mwaka ni "kesho". Jambo linalofanana nalo lilitokea Julai 2007: Wakristo 23 wa Korea Kusini walitekwa na Taliban, wawili wakauawa, waliobaki wakaachiliwa kufikia mwisho wa Agosti. Tangu hapo watu wanaombea tukio lililokwisha, huku wafungwa walio hai wakikosa wa kuwataja.

Kwa hiyo kila habari iulize maswali matatu. Ina tarehe kamili, au inasema tu "jana"? Ina mahali panapoonekana kwenye ramani? Kuna chombo cha habari au shirika linalojulikana lililoiandika kwa jina lake? Ikishindwa yote matatu, iache. Ikishindwa moja, iweke wiki moja uone.

Angalia pia usiite kila vita mateso ya imani. Watu wa Nakuru na Eldoret wanajua vizuri kwamba mwanzoni mwa 2008 hata waliokimbilia kanisani waliuawa, na sababu haikuwa sala zao. Ilikuwa siasa na kabila. Ombeni kwa ajili ya hayo pia, lakini siku yake, na kwa jina lake halisi.

Na onyo moja sitalizunguka: picha za maiti hazipiti. Si kwenye kikundi cha WhatsApp, si kwenye simu inayozungushwa sebuleni. Kuna watoto, na marehemu ana mama.

Hatua ya 4: Andika kadi

Kadi moja, mtu mmoja au familia moja. Mistari minne: jina na mahali, kilichotokea na tarehe, anachohitaji, kifungu kimoja cha Biblia. Hivi:

*Leah Sharibu. Alitekwa Dapchi, Nigeria, 19/2/2018. Arudishwe nyumbani, wazazi wasichoke, asijione amesahauliwa. Zaburi 142.*

Mstari wa tatu ndio wenye kazi. Paulo akiwa gerezani alimwandikia Timotheo amletee joho aliloliacha Troa kwa Karpo, na vitabu, hasa vile vya ngozi, tena afanye bidii kuja kabla ya wakati wa baridi. Joho! Mtume mzima, na anachokitaja ni nguo ya kujifunika. Basi nanyi msiogope kuombea blanketi, dawa ya presha, wakili mwaminifu, barua ipite mlangoni, karo ya mtoto wa aliyefungwa, mke apate usingizi. Mtu asiyejua la kuomba akisoma kadi yenye blanketi, mdomo hufunguka wenyewe.

Hatua ya 5: Endesha saa yenyewe

Anzeni kwa wakati hata mkiwa watatu. Wanaochelewa watajirekebisha mwezi ujao wakikuta mmefika katikati.

Ramani kwanza. Mtoto mmoja aoneshe kwa kidole Kisumu ilipo, kisha apeleke kidole hadi Asmara kule Eritrea, au Maiduguri kule Nigeria. Dakika mbili tu.

Kisha Neno, lisizidi dakika kumi. Jioni ya kwanza someni Matendo 12. Petro amefungwa minyororo miwili kati ya askari wawili, kanisa liko nyumbani kwa Mariamu likimwombea, na yeye mwenyewe anapobisha hodi, Roda anaambiwa ana wazimu. Watu watacheka, wacha wacheke. Halafu uwarudishe mstari wa pili wa sura hiyo hiyo: Yakobo aliuawa kwa upanga. Waliomba watu wale wale. Usijaribu kulifafanua, maana hata mwandishi hakulifafanua. Ila lazima lisomwe, ili mtu asije akaacha kuomba siku kadi yake itakapopata habari mbaya.

Baada ya hapo, kadi. Gawa kadi moja kwa kila watu wawili au watatu. Wasome kwa sauti, waombe kwa zamu, sentensi tatu nne kila mmoja, kisha kadi ihamie kwa jirani wa kulia. Kwa dakika ishirini na tano kila kadi itakuwa imepita mikononi mwa karibu kila mtu, na yule mama mzee asiyesoma atakuwa amesomewa jina lile lile mara tatu. Kesho yake atalitaja akiwa anachuja chai.

Kisha jambo ambalo watu wetu hawalizoei. Chagueni wimbo mnaoujua wote kwa moyo, muuimbe bila sauti. Midomo isogee, hewa itoke, sauti isisikike hata mlangoni. Katika Korea Kaskazini muumini hawezi kuimba hivi tunavyoimba hapa. Sauti ikimfikia jirani, familia nzima inaweza kuishia kambini. Watoto watachekelea ubeti wa kwanza. Ubeti wa pili huwa tofauti: utasikia bodaboda ikipanda kutoka Kondele, televisheni ya nyumba ya pili, kijiko kikigonga sufuria jikoni, na watu kumi na watano wakiimba kitu ambacho hakuna anayekisikia. Mkimaliza msiseme neno. Imbeni wimbo ule ule tena, safari hii kwa sauti yote mliyo nayo.

Mimi sijapata njia bora zaidi ya kumfanya mtu aipende kwaya ya kanisa lake, hata ile inayotoka nje ya ufunguo.

Hatua ya 6: Waombee watesaji, na chunga ulimi juu ya majirani

Tenga dakika kumi kamili za kuwaombea walinzi wa magereza, waamuzi, wapiganaji, na jamaa waliomfukuza ndugu yao nyumbani. Msipozitenga, zitaliwa. Bwana aliagiza hivyo katika Mathayo 5:44, na hakuna mtu aliyewahi kulifanya kwa urahisi.

Hapa ndipo maneno huteleza. "Hawa Waislamu…" anaanza mtu, na mlango wa jirani uko hatua nne. Kisumu na Mumias tumekaa na Waislamu vizazi na vizazi. Tunazikana, tunaoana, tunakopeshana sukari. Msimamishe kwa upole, umkumbushe Desemba 2015: basi lililokuwa likienda Mandera lilishambuliwa, na abiria Waislamu wakakataa kutengwa na Wakristo ambao washambuliaji walitaka kuwaua. Mwalimu Salah Farah, Mwislamu, alipigwa risasi kwa ajili hiyo akafariki Januari 2016. Mwandikieni kadi mjane wake na watoto.

Hatua ya 7: Chai isiwe ya haraka

Wapo watakaoondoka baada ya "Amina". Wazuie kwa mandazi, kwa viazi vitamu, kwa njugu, kwa chochote kilichopo. Waebrania 10:25 inaonya dhidi ya kuacha kukusanyika, na Mkristo aliyeko Somalia hawezi hata kujua kama muuza duka wa pili naye anaamini. Sisi tunajuana mpaka nani hanywi majani mengi.

Kwenye chai ndipo mtu atasema ameachishwa kazi kwenye viwanda vya EPZ, au kijana wake hajarudi tangu Ijumaa. Msimwambie angoje wiki ijayo. Chukueni kadi tupu, muandike jina lake, aombewe pale pale vikombe vikiwa mkononi. Ushirika unaojua jina la mfungwa wa Asmara bila kujua kwamba mama wa nyumba ya kona amelazwa umepotea njia mahali.

Hatua ya 8: Andika daftarini, na urudi

Tarehe, kadi zilizoombewa, habari mpya. Kila mwezi dakika tano za kwanza, kabla ya ramani, zitumike kusoma nyuma. Asia Bibi wa Pakistan alikamatwa 2009, akahukumiwa kifo 2010, akafutiwa hukumu na Mahakama ya Juu ya nchi yake Oktoba 31, 2018. Mariam Ibrahim wa Sudan alihukumiwa kifo 2014 akiwa mjamzito, akajifungua gerezani akiwa amefungwa pingu miguuni, na kabla ya mwaka kwisha alikuwa huru nje ya nchi. Mmoja alingoja miaka, mwingine miezi. Bila daftari, kikundi kitamwombea Asia Bibi atoke gerezani hadi leo. Nimeyasikia maombi hayo kwa masikio yangu.

Mambo yakikwama

*Watu hawaji.* Hamisha nyumba. Mara nyingi tatizo ni giza la njia au nauli ya kurudi, wala si imani. Wazee wakiwa wengi, fanyeni Jumapili saa tisa alasiri.

*Mtu mmoja anaomba dakika ishirini.* Sheria ya sentensi nne isomwe mwanzoni kwa wote, kabla hajaanza. Akivuka, mwenye kadi inayofuata adakie kwa wimbo. Mtumishi ataelewa.

*Mvua imeanza kupiga mabati.* Katika masika hili ni la kila wiki, na kushindana na mabati ni kujiumiza koo. Kila mtu ashike kadi yake aisome kimya mpaka mvua ipungue.

*"Kwa nini Eritrea, na hapa watoto wamefukuzwa shule kwa karo?"* Swali halali, msilikemee. Rudini hatua ya saba. Karo iingie kwenye kadi, na kofia ipite. Ajabu ni kwamba wanaouliza hivi wakishasaidiwa huwa wa kwanza kufika mwezi unaofuata.

*Mtu amelia na hawezi kuendelea.* Pengine alikuwapo Garissa, pengine alichomewa nyumba 2008. Asilazimishwe kutoa ushuhuda. Dada mmoja amtoe nje, akae naye, na mwisho wa jioni asirudi nyumbani peke yake. Likijirudia, mtafutieni mshauri nasaha, na mwende naye siku ya kwanza.

*Kuna mwenzetu aliyetoka familia ya Kiislamu.* Jina lake lisiandikwe kwenye kadi, lisitajwe kwenye WhatsApp, picha yake isipigwe. Yeye ndiye wa kusema nani ajue. Kuna viongozi wanaomzungusha mtu kama huyu makanisani kama kikombe cha mashindano; kisha wao wanarudi kwao kulala, naye anarudi kwa kaka zake.

*Tunataka kutuma pesa.* Vizuri, lakini msitume kwa namba iliyokuja na ujumbe wa kusikitisha. Pitieni dayosisi au makao makuu ya kanisa lenu, mpewe risiti, na mweka hazina aisome mbele ya wote. Kama njia haijapatikana, sadaka ikae kwenye bahasha iliyosainiwa na watu wawili, tarehe ikiwa juu yake, mpaka ipatikane.